Kinu na Shingo ya Mbao

Butembo, Kimemi, 10 Februari 2002

Yaya Kanyere mpenzi,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwangu. Nyumbani kwangu! Nimeandika maneno hayo, nikaweka kalamu chini, nikayatazama mpaka wino ukakauka. Wiki mbili sasa mimi ni mke wa mtu, na bado kila asubuhi nashangaa kama mtu aliyeshinda tombola. Sisi ni wazima. Mama ni mzima, kikohozi cha baba kimemwacha, na mbuzi wa mahari wamezoea kwetu isipokuwa yule mweusi, ambaye kila siku anakata kamba na kurudi kwa wakwe zangu. Baba anasema huyo ndiye aliyestahili kuolewa. Nisalimie shemeji Esdras na darasa lake la tano lote.

Yaya, niseme nini juu ya Zacharie? Ananukia mbao mpya. Anaimba akipiga randa. Kila asubuhi, kabla hajafungua karakana yake, anaacha kando ya sahani yangu utepe mmoja wa maranda, mrefu, uliojikunja bila kukatika. Anasema hiyo ndiyo barua yake kwangu, maana shule aliiacha mapema. Ninazo kumi na tatu sandukuni. Siku moja ya Jumapili hakupiga randa, nikakosa barua, nikanuna mpaka saa sita.

Kitu kimoja tu kinanipungukia. Ninaponda majani yangu ya sombe kwa jirani yangu Agar, na Agar ana mdomo. "Weye bibi ya menuisier," ananiambia, "hauna kinu?" Nikamwomba Zacharie. Akakataa katakata. "Kinu hapana. Kinu iko ya yaya yako. Nikichonga mimi, ataniona mutu wa namna gani?" Anajua kwamba kwetu kinu cha bibi harusi hutoka kwa dada yake mkubwa. Sikusukumi, Yaya! Uliniambia siku ya harusi kwamba kimechelewa kwa mchongaji wa Mangina. Basi kitafika.

Watu bado wanacheka namna ulivyocheza siku ile. Mabega yanacheza, kiuno kinacheza, na kichwa kimetulia kama cha askari kwenye gwaride! Padri alipokuita kutoka kushoto, uligeuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Nilikuambia ulikuwa unajivuna kwa sababu ya kile kilemba.

Sasa habari ya kushangaza. Docteur Nzanzu, yule mtoto wa Lubero aliyesomea upasuaji ng'ambo, amekuja kwa miezi sita kufanya kazi katika hospitali ya misheni hapa. Juzi aliingia karakana, akafungua kitambaa juu ya meza ya Zacharie. Ndani yake mifupa miwili midogo.

"Menuisier, unaweza kunichongea hizi kwa mti, kubwa mara tano?"

"Docteur, ni ya mbuzi?"

"Ni ya mutu. Hii ya juu ndiyo inabeba kichwa."

Yaya, nilipiga kelele mpaka sahani ya chakula nilichomletea mume wangu ikaanguka. Maharagwe yote chini, kando ya mifupa. Daktari mwenyewe aliinama kunisaidia kuokota. Zacharie amekubali kazi.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Joyeuse

Beni, 3 Machi 2002

Joyeuse, mdogo wangu,

Barua yako ilikaa siku kumi na moja kwa dereva Stanislas, kwa sababu njia ilifungwa. Wenye bunduki walikuwa wanabishana huko katikati nani ndiye mwenye barabara. Sasa malori yanapita tena, na viazi vya Kirumba vimefika sokoni vikiwa vimeanza kuota. Sisi hatujambo. Esdras anakusalimu. Kahawa ilichanua vizuri. Mvua ipo.

Nimefurahi kwa ajili ya nyumba yako. Maranda usiyaweke karibu na jiko. Mifupa usiiweke karibu na chakula, hata kama daktari anaokota maharagwe vizuri.

Mimi nipo. Nimevunja vikombe vitatu mwezi huu. Vikombe vya siku hizi vinateleza, sijui wanavipaka nini kiwandani. Mwandiko wangu usikushangaze, kalamu ni mbaya na meza inacheza.

Mchongaji wa Mangina ana kazi nyingi. Tusimsumbue.

Kuhusu kucheza kwangu, kila mtu ana mtindo wake.

Niandikie zaidi juu ya ile mifupa. Esdras anapenda kujua, kwa ajili ya somo la mwili wa mwanadamu.

Yaya wako,
Kanyere

Butembo, Kimemi, 17 Machi 2002

Yaya wangu wa pekee,

Pokea salamu za watu wawili wanaokula sahani moja. Mbuzi mweusi amerudishwa mara ya tisa. Mama amepata kitenge kipya na haoni tena sababu ya kukaa nyumbani. Nunua vikombe vya plastiki, Yaya, utapumzika!

Shemeji Esdras anataka mifupa? Mwambie achukue chaki, mimi sasa ni mwalimu. Nyumba nzima imejaa shingo. Shingo kwenye meza, shingo kwenye dirisha, juzi nilikalia shingo.

Mfupa wa kwanza ni pete, pete kabisa, yenye mashavu mawili manene pembeni, na kichwa kinakaa juu ya mashavu hayo kama sufuria juu ya mafiga. Mfupa wa pili una kidole. Kidole kinasimama wima na kuingia ndani ya pete, upande wa mbele. Ukikataa kitu kwa kutikisa kichwa, pete inazunguka kwenye kidole. Yaya, nilipoelewa nilitoka nje kwenda kumtafuta mume wangu nimkumbatie mbele ya wateja. Mungu aliweka harusi ndani ya shingo ya kila mtu!

Nyuma ya kidole, katika tundu lile lile la pete, inapita kamba nyeupe inayopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Kwa kamba hiyo Zacharie ametumia mshumaa wetu wa harusi, nimempa kwa moyo. Halafu kuna mishipa miwili mikubwa ya damu, mmoja kila upande. Inapanda kwa kupita katika vitundu vya mifupa ya shingo, na ikifika juu ya pete inakunja, inalala kidogo kwenye mfereji juu ya upinde wa nyuma, ndipo inaingia kichwani. Hiyo tumeitengeneza kwa kamba ya katani, nikaipaka rangi nyekundu ya kucha iliyobaki harusini. Docteur aliposikia alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa sikiliza. Mtu akianguka vibaya, kidole kinaweza kuvunjika ndani ya pete. Wengine hufa palepale. Lakini wengine, anasema Docteur, husimama, hujikung'uta na kwenda zao. Shingo inakaza tu. Miezi inapita, kidole hakiungi, pete inatelezateleza, na ile kamba nyeupe inaanza kubanwa. Dawa yake ni kuufunga mfupa wa kwanza na wa pili pamoja kwa visi nne, yaani skrubu, kutoka kisogoni. Visi moja katika kila shavu la pete, moja katika kila nguzo ya pembeni ya mfupa wa pili. Ukiteleza kwenda ndani, umegusa mshumaa. Ukiteleza kwenda nje au juu, umetoboa kamba nyekundu. Zacharie anasema hata katika mguu wa kiti cha padri hakuwahi kupewa nafasi ndogo hivyo.

Wanaelewana hao wawili! Zacharie alimwonyesha namna yake: kwanza tundu jembamba, halafu unaingiza waya na kupapasa kuta zake, kulia mbao, kushoto mbao, juu mbao, chini mbao, mwisho mbao. Waya ukikuta pengo, visi haiingii. Docteur akasema, "Sawasawa na sisi, mukubwa, sawasawa."

Lakini mume wangu alifanya kosa, na nitakuambia kwa sababu analisimulia mwenyewe. Mfupa ule wa kweli una kitu upande wa kushoto tu: daraja dogo la mfupa, jembamba, linalopita juu ya ule mfereji wa mshipa. Kulia hakuna. Zacharie anajua kazi ya meza na viti. Mguu wa kushoto lazima ufanane na wa kulia. Akadhani lile daraja ni uchafu uliokauka. Akachonga pete nzuri, pande zote sawa, akaipiga msasa ikang'aa. Docteur akaigeuzageuza.

"Wapi daraja?"

"Niliitosha, Docteur. Ilikuwa inaharibu usawa."

"Zacharie! Mungu hapimake na metre!"

Akatueleza. Watu wachache wana daraja hilo, pengine upande mmoja tu. Mpasuaji akiliona kutoka nyuma anaweza kudhani ni upinde mnene, mahali pazuri pa visi, kumbe chini yake mshipa umelala. Kile kitu mume wangu alichokiondoa ndicho kilichofanya daktari achague mfupa ule kufundishia wasaidizi wake. Zacharie ameanza upya. Siku tatu sasa hazungumzi ila daraja. Nampenda hata akinuna.

Wako,
Joyeuse

N.B. Agar sasa ananiazima kinu kwa masharti. Lazima nimletee habari za mifupa.

Beni, 28 Aprili 2002

Joyeuse mpendwa,

Salamu nyingi. Mwandiko huu ni wa Esdras, utautambua kwa sababu unasimama mistarini kama wanafunzi wake. Mikono yangu ina unga. Nasema, yeye anaandika. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za shamba. Avokado zimezaa mpaka matawi yanavunjika.

Tumesoma barua yako mara nyingi. Mwambie Zacharie asione haya. Mtu anayependa vitu viwe sawa si mtu mbaya.

Ninalo swali, kwa ajili ya mama mmoja wa kwaya yetu. Unasema kidole kikivunjika ndani ya pete mtu anaweza kutembea. Kwa muda gani? Na kama huyo mama vidole vyake vina ganzi, hasa asubuhi, na akikohoa anasikia kama umeme unashuka mgongoni, Docteur angesema nini? Na hizo visi, zikishaingia, mtu anaweza kubeba mzigo tena? Ni mama mwenye kazi nyingi, hawezi kukaa tu. Usiharakishe kujibu. Ni kutaka kujua tu.

Yaya wako,
Kanyere

(Nyuma ya karatasi)

Shemeji Joyeuse, ni mimi Esdras, ninaandika hapa akiwa ameenda kuangalia sufuria. Mama wa kwaya hayupo. Ni yeye. Hakuna unga mikononi mwake, kalamu inamwanguka. Tangu Pasaka mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi. Alinikataza kukuambia, na katika miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kumwasi. Leo namwasi.

Kinu hakikuchelewa kwa mchongaji. Alikuja nacho. Siku moja kabla ya harusi yako lori lilikwama kwenye ule mteremko mwekundu, abiria wote wakashuka na mizigo yao. Alikibeba mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kama akina mama wote wanavyobeba. Akateleza. Kinu kikavuta kichwa chake nyuma, kikamrusha, kikaviringika bondeni kwenye matete. Alisimama, akafuta matope, akapanda lori. Alisema, "Bibi harusi hapashwi habari ya kuanguka." Akaja kucheza kwenu.

Esdras

Butembo, Kimemi, 2 Mei 2002

Yaya,

Leo sina salamu ndefu. Sisi ni wazima. Wewe si mzima, na unajua kwamba najua. Usimgombeze shemeji. Akiomba msamaha, mwambie mimi nimekwisha kumsamehe kwa niaba yako.

Nilikuita kabati. Nilicheka mbele ya watu wote, Yaya, na wewe ukacheka pia, ukiwa umesimama pale na kidole kilichovunjika ndani ya pete. Nimelia mpaka Zacharie akafunga karakana mchana. Halafu nimekasirika. Halafu nimelia tena. Sasa nimemaliza, naandika maagizo.

Docteur Nzanzu amenisikiliza amesimama, na nilipofika kwenye umeme wa mgongoni akakaa. Anasema: usibebe kitu, hata ndoo ya maji. Usigeuze kichwa. Ulale chali, mifuko miwili ya mchanga kando ya masikio. Yeye anarudi ng'ambo katikati ya Julai, na visi za namna hiyo alikuja nazo mwenyewe katika kopo la biskuti. Hapa hakuna nyingine.

Zacharie amekutengenezea kola ya shingo kwa sponji na ubao mwembamba, na kitanda cha safari chenye kingo za kushika kichwa. Alijipima kola yeye mwenyewe, akazunguka nyumbani siku nzima haangalii chini, akakanyaga bata. Stanislas atavileta Jumatatu na kukuchukua Alhamisi. Ameapa kwamba ataendesha lori kama mtu aliyebeba mayai ya mama mkwe wake.

Swali lako la mwisho, kama utabeba mzigo tena. Hapana. Hutabeba tena kwa kichwa. Sikia hilo kutoka kwangu sasa, ulichukie, halafu uje.

Joyeuse

Butembo, hospitalini, Jumanne 21 Mei 2002, saa tatu asubuhi

Yaya wangu,

Barua hii ndiyo yenye safari fupi kuliko zote: kutoka benchi la koridoo hadi nyuma ya mlango. Lakini huwezi kuisoma sasa, kwa hiyo ni kama uko mbali kuliko Beni. Nasalimu kwanza. Shemeji Esdras yuko kulia kwangu, ameshika vazi lako na kuhesabu vifungo vyake. Zacharie yuko kushoto. Mama anasali kwa sauti ambayo wauguzi wamemwomba mara mbili aipunguze.

Naandika ili mikono ifanye kitu. Nitakukumbusha mambo, uyakute ukiamka.

Nakukumbusha safari yako. Saa tisa za barabara, na Stanislas anasema kuku walikuwa wanampita. Kwenye kizuizi askari akapanda na kupiga ubao wa kitanda chako, akauliza ni kitu gani: "Eloko nini oyo?" Na wewe, umelala na kola, ukamjibu, "Bibi harusi. Hapana gusa, anavunjika." Akacheka, akafungua njia. Natumaini na leo umelala na maneno kama hayo mdomoni.

Nakukumbusha ile picha ya shingo. Docteur aliibandika dirishani penye mwanga. Kidole kimekatika chini kabisa, pete imesogea mbele, hata mimi niliona. Akaanza kupanga: visi hapa, visi hapa, upinde wake mnene, vizuri. Na Zacharie, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia mkononi, akakohoa.

"Docteur, hii hapana upinde munene. Angalia. Ni daraja yako."

Docteur akavua miwani, akaifuta, akasogeza pua mpaka kwenye picha. Chini ya ule mfupa palikuwa na kijitundu cheusi, kidogo kama punje ya ulezi. Akageuka, akamshika mume wangu mabega yote mawili. "Ningeliona kesho, au ningeliona mbele ya damu," akasema. "Sijui." Akaagiza picha nyingine, umelazwa kiubavu kidogo. Daraja liko kushoto tu. Kulia huna.

Ndiyo sababu hukumwona Zacharie wiki nzima. Alikuwa anakuchonga wewe. Si ule mfupa wa Docteur tena; wewe, kwa vipimo vya picha zako, kushoto daraja, kulia wazi, nguzo ya kushoto ya mfupa wa pili nyembamba kuliko ya kulia. Alichonga vitu visivyo sawa kwa makusudi, Yaya, na kila jioni alinionyesha kwa fahari jinsi visivyofanana. Wamefanya mazoezi juu yako mara kumi na moja, Docteur na wasaidizi wake. Upande wa kushoto visi itaingia chini zaidi, pale upinde unapoungana na shavu, mbali na daraja. Mara ya pili walitoboa kamba nyekundu. Rangi ya kucha ikabanduka mezani na hakuna aliyecheka. Mara nane za mwisho waya ulikuta mbao pande zote.

Saa tano. Shemeji amehesabu vifungo mpaka amechoka.

Saa sita. Muuguzi Rébecca ametoka kuchukua maji. Alituambia, "Kulia imeingia." Tu. Akarudi ndani. Zacharie anachezesha vidole kama anayepapasa kwa waya.

Yaya, kuna jambo ambalo nimelinyamazia wiki tatu ili nisikuongezee mawazo. Wewe ulininyamazia la kuanguka, na mimi nikakunyamazia la kusimama. Nina mimba. Amka, nikuambie kwa mdomo.

Saa saba na nusu. Docteur amefungua mlango. Jasho limemchora ramani kwenye nguo. Amemwangalia Zacharie, hakutuangalia sisi, akasema, "Mbao pande zote."

Mama amepiga vigelegele, na safari hii muuguzi hakumkataza.

Beni, 25 Agosti 2002

Joyeuse, mdogo wangu, na shemeji Zacharie mwenye macho,

Nawasalimu wote wawili na huyo wa tatu ambaye bado hana jina. Esdras ni mzima. Kahawa imevunwa na majirani, mimi nilikaa kwenye kiti na kuwapigia makelele, kazi ambayo naona ninaiweza. Njia imetulia wiki hii, ndiyo sababu Stanislas amebeba mzigo huu pamoja na barua.

Tazama mwandiko. Meza ni ile ile, kalamu ni ile ile.

Vidole vya mkono wa kuume vimerudi vyote. Wa kushoto kidole kidogo bado kina usingizi. Kichwa hakigeuki tena kama zamani. Docteur aliniambia hivyo, na ni kweli. Ukiniita kutoka kushoto nageuka mwili mzima. Kanisani wanadhani nimepata heshima mpya. Wewe uliniita kabati kabla ya wakati, sasa una ruhusa.

Sasa mzigo. Tulipokuwa tunarudi kwetu, tulipofika kwenye ule mteremko mwekundu, Esdras akapiga paa la lori kwa ngumi. Stanislas akasimama. Esdras, mtu ambaye hapendi matope, akavua viatu na kushuka bondeni. Nilikaa na kola yangu, siwezi kuchungulia, nikawa namsikia tu akiongea na mtu. Kumbe kuna mama mzee ana nyumba pale chini, jina lake Kasonia. Kinu kiliviringika mpaka karibu na mlango wake mwezi wa kwanza. Alidhani Mungu ametuma. Lakini mchi haukuja pamoja nacho, akaona labda Mungu hakukusudia sombe, akakiweka pembeni, na kuku akaingia kutaga.

"Siwezi kumutosha," akamwambia Esdras alipoomba kuku aondolewe, "analalia mayai."

"Mama, kinu hii ilivunja shingo ya bibi yangu."

"Aaa! Basi huyo kuku amelalia neno kubwa!"

Walipatana. Esdras alirudi wiki nne baadaye, vifaranga wameshatoka, akampa Kasonia miche miwili ya sabuni na kikapu cha kumlazia kuku. Kinu hakina hata ufa. Kina manyoya mawili ndani, nimeyaacha uyaone. Mchi mpya nimeagiza kwa yule yule mchongaji wa Mangina, ambaye, nakiri, hakuwahi kuchelewa hata siku moja.

Kimekuja kwa gari. Hakuna shingo iliyohusika. Zacharie akitaka kukipiga msasa, mzuie. Upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, na nimependa kibaki hivyo. Ponda sombe mlango ukiwa wazi, Agar asikie.

Nitakuambia jambo moja la mwisho, kwa sababu uliwahi kuniandikia habari za maranda kando ya sahani, nami nikakujibu habari za jiko. Leo asubuhi Esdras alikuja kunifunga vifungo kama kila siku. Nilikuwa nimekwisha kuvifunga mwenyewe, vyote saba, kabla hajaamka. Akasimama mlangoni na mikono yake mikubwa yenye chaki, anaitazama kama fundi aliyefukuzwa kazi.

Basi nikafungua kimoja.

Yaya wako,
Kanyere